Ililipuka au Ililipuliwa?

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, saa kumi na dakika saba kwa saa za Afrika Mashariki, roketi moja iliteketea katika uwanja wa Cape Canaveral, jimbo la Florida, nchini Marekani. Haikuwa imeondoka ardhini. Ilikuwa imesimama kwenye kituo chake ikijazwa mafuta na oksijeni, tayari kwa jaribio la kuwasha injini huku imefungwa chini ili isiruke. Zilikuwa zimebaki dakika kama nane injini hizo ziwashwe. Ghafla ukatokea mwale karibu na kilele cha roketi, moto ukaimeza sehemu yote ya juu, na sekunde chache baadaye setilaiti iliyokuwa imewekwa kileleni, yenye uzito wa zaidi ya tani tano, ikaporomoka katikati ya miali. Ilikuwa bahati njema kwamba hapakuwa na mtu karibu, na hakuna aliyejeruhiwa.

Setilaiti hiyo, Amos-6, ilikuwa mali ya kampuni ya Spacecom ya Israeli. Kampuni za Facebook na Eutelsat zilikuwa zimekodi sehemu ya uwezo wake ili kupeleka huduma za intaneti katika maeneo mengi ya Afrika kusini mwa Sahara, Afrika Mashariki ikiwemo. Siku ile ile Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alikuwa hapa Nairobi, na habari za moto huo zilimkuta angali mgeni wetu. Kwa hiyo jambo lililotokea mbali sana na sisi lilikuwa na kipande chetu ndani yake. Kuna shule za mashambani ambazo zingeweza kupata mawimbi ya setilaiti hiyo nazo hazikuyapata.

Mwandishi wa Kiswahili aliyetaka kuipasha habari hii alikuwa na vitenzi viwili mbele yake. Angeweza kuandika kwamba roketi ililipuka. Angeweza pia kuandika kwamba roketi ililipuliwa. Kwa mwanafunzi wa sarufi tofauti ni ya viambishi vichache vya mwisho. Kwa wachunguzi waliokwenda Florida, tofauti hiyo ilikuwa kazi ya miezi minne.

Lugha yetu ina utajiri wa pekee katika jambo hili. Mtoto akiangusha kikombe, mama akauliza kulikoni, mtoto hujibu: "Kimevunjika." Hasemi uongo. Kauli ya kutendeka humruhusu kueleza hali ya kikombe bila kumtaja aliyekishika. Mama asiporidhika hugeuza kauli na kuuliza: "Kimevunjwa na nani?" Kauli ya kutendwa hudai mtendaji, hata asipotajwa, kivuli chake kimo ndani ya kitenzi. Basi Mswahili tangu utotoni hujifunza njia mbili za kulieleza tukio baya. Katika ya kwanza, jambo limejitokea lenyewe. Katika ya pili yupo mtu wa kuadhibiwa. Hoja yangu leo ni kwamba uchunguzi wa moto, hasa moto wa oksijeni, ni ustadi wa kukataa kutosheka na njia yoyote kati ya hizo mbili. Na kwamba ustadi huo hatuwafundishi watoto wetu, ilhali tungeweza kuufundisha hata katika somo la Kiswahili.

Kwanza tuielewe oksijeni yenyewe. Nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa vijana wanaoingia chuo kikuu wakiwa na alama nzuri za kemia, sentensi hii: "Oksijeni huwaka." Oksijeni haiwaki. Kinachowaka ni kitu kingine, nayo oksijeni ndiyo inayokiwezesha kuwaka. Kila mwalimu wa sayansi ameonyesha jaribio la kijiti chenye kaa jekundu: ukikitumbukiza katika chupa ya gesi hiyo, kijiti hushika moto upya. Katika hewa tunayovuta, oksijeni ni kama sehemu 21 kwa mia, na kiasi hicho chatosha kuchoma msitu. Sasa chukua oksijeni tupu, ipoze hadi digrii 183 za Selsiasi chini ya sifuri, nayo itageuka kuwa kiowevu chenye rangi ya samawati hafifu. Lita moja ya kiowevu hicho ikirudi kuwa gesi hujaza zaidi ya lita 800. Ni gharika ya oksijeni iliyokunjwa na kuwekwa katika tangi.

Katika gharika hiyo vitu tunavyoviona kuwa salama hubadilika tabia. Alumini huwaka. Hata chuma cha pua, katika oksijeni yenye shinikizo kubwa, huweza kuwaka kama kuni. Mafundi wa jua kali wanaochomelea vyuma wanaijua sheria moja ya mitungi yao: mkono wenye grisi usiguse valvu ya oksijeni. Tone la mafuta lisilo na madhara yoyote kwenye bawaba ya mlango huweza kuwa chanzo cha moto pale, kwa kuwa gesi ikishindiliwa ghafla hupata joto, na joto hilo hutosha kuliwasha tone. Sheria ni ile ile hospitalini na ni ile ile katika uwanja wa roketi. Kinachotofautiana ni ukubwa wa tangi.

Roketi hubeba oksijeni kwa sababu huko juu iendako hakuna hewa. Si zote, hata hivyo, zinazoibeba kama kiowevu. Roketi za Scout ambazo Waitaliano walizirusha kutoka majukwaa ya San Marco, mkabala wa Ngomeni karibu na Malindi, kati ya mwaka wa 1967 na 1988, zilitumia fueli yabisi iliyochanganywa na kioksidishaji chake tangu kiwandani; ndizo zilizoipeleka juu setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Pwani yetu basi iliijua roketi kabla ya kuijua oksijeni kiowevu. Falcon 9, roketi iliyoteketea Florida, huchoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni kiowevu, na kampuni ya SpaceX iliyoiunda ilikuwa imeamua kuipoza oksijeni kupita kawaida, hadi digrii 207 chini ya sifuri, ili iwe nzito zaidi na nyingi zaidi iingie katika tangi lile lile. Msomaji aiweke namba hiyo akilini, maana tutairudia.

Uchunguzi wa moto wa namna hii una tatizo ambalo mpelelezi wa kawaida halijui. Moto wa nyumba huacha alama: ukuta uliofuka moshi zaidi, nguzo iliyoungua zaidi upande mmoja. Moto wa oksijeni hula ushahidi wake. Mahali ulipoanzia ndipo palipo na joto kali zaidi, na kile kilichouanzisha mara nyingi ndicho cha kwanza kugeuka jivu. Mchunguzi huokota mabaki na kukuta kwamba kipande anachokihitaji kuliko vyote ndicho kisichokuwapo.

Isitoshe, mambo hutendeka kwa kasi inayoishinda akili. Katika ajali ya Florida, muda uliopita tangu chombo cha kwanza kuonyesha dalili ya hitilafu hadi sehemu ya juu ya roketi kupotea ulikuwa sehemu 93 za elfu moja za sekunde. Hiyo ni chini ya sehemu ya kumi ya sekunde moja. Wachunguzi walikuwa na njia zaidi ya 3,000 za vipimo na picha za video, na walilazimika kuzipanga zote katika upenyo huo mwembamba wa wakati, ipi ilitangulia ipi. Mabaki yaliokotwa, yakapigwa picha, yakabandikwa vitambulisho, yakatandazwa ndani ya jengo. Kisha ukachorwa mti wa makosa: shina lake ni tukio lenyewe, na kila tawi ni njia moja ambayo tukio hilo lingeweza kutokea. Kazi ya mchunguzi ni kukata matawi, na sharti la kukata ni kwamba lazima aonyeshe ushahidi uliolikata. Hisia haitoshi, na cheo cha anayesema hakitoshi.

Tawi mojawapo lilikuwa la risasi. Jambo hili lilizua kelele nyingi wakati ule, na linastahili kuelezwa kwa haki. Baadhi ya watu wa SpaceX, walipoona moto umetokea ubavuni mwa roketi ambayo injini zake hazijawashwa, walishuku kwamba imepigwa risasi kutoka mbali. Yalikuwapo majengo ya kampuni hasimu kwa umbali ambao mdunguzi hodari angeweza kuufikia, na mfanyakazi wa SpaceX akaenda kuomba ruhusa ya kukagua paa la jengo mojawapo. Kampuni ikafyatulia risasi mitungi ya namna ile ile ili ione alama zake zikoje. Hayo yalikuwa maswali ya "ililipuliwa". Shirika la upelelezi la FBI liliingizwa katika suala hilo, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliiarifu kampuni hiyo kwamba FBI haikupata habari zozote za kuthibitisha hujuma.

Mimi siwacheki waliouliza swali hilo. Tawi ni tawi, na lisilochunguzwa halikatwi. Lakini tazama mvuto wake. Katika Kiswahili, kati ya "nani" na "nini" ipo tofauti ya irabu moja tu, na ulimi huteleza kwa urahisi kuelekea ile ya kwanza. "Nani" hutupa sura ya mtu. Hutupa hasira ya kuelekeza mahali na, baadaye, utulivu wa kudhani kwamba akikamatwa mambo yamekwisha. "Nini" hutupa kipande cha alumini.

Na hatimaye jibu lilikuwa kipande cha alumini. Ndani ya tangi la oksijeni la sehemu ya juu ya roketi mlikuwa na mitungi mitatu ya gesi ya heliamu. Kazi ya heliamu ni kujaza nafasi inayoachwa na oksijeni inaponyonywa na injini, ili shinikizo la tangi lisishuke. Kila mtungi una bitana nyembamba ya alumini ndani, na nje umevishwa nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Kaboni ni ndugu wa makaa yetu ya jikoni. Mtu angeuliza kwa nini makaa yatumbukizwe katika oksijeni. Jibu ni kwamba mtungi wa kaboni ni mwepesi mno na imara mno, na mitungi ya namna hiyo ilikuwa imejazwa mara mamia bila dosari. Kila mtu aliyepanda matatu iliyosheheni anaielewa hoja ya "mbona jana tulifika".

Katika mitungi iliyookotwa, wachunguzi waliona kwamba bitana ilikuwa imebonyea hapa na pale, ikaacha mapengo madogo kati ya alumini na vazi la kaboni. Oksijeni kiowevu ilipenya katika nyuzi na kukaa katika mapengo hayo. Sasa turudi kwenye ile namba. Oksijeni huganda kuwa yabisi ikifika kama digrii 219 chini ya sifuri. Ile iliyokuwa tangini ilikuwa imeshafika 207, na heliamu iliyokuwa ikiingizwa mtungini ilikuwa baridi zaidi yake, baridi ya kutosha kuigandisha oksijeni iliyonaswa. Kiowevu kikibanwa huweza kutoroka kwa njia kilichoingilia. Barafu haitoroki. Shinikizo la heliamu lilipopanda, bitana ikarudi nje kuubana ukuta wa kaboni, na katikati yake imo oksijeni isiyo na pa kwenda. Nyuzi zikikatika au kusuguana katika hali hiyo, cheche ndogo yatosha: kuni ipo, oksijeni ipo, na joto limepatikana. Hakuna aliyewasha kiberiti. Huko Texas, katika uwanja wao wa majaribio, wahandisi waliweza kuupasua mtungi wa namna hiyo kwa kubadilisha tu jinsi heliamu ilivyojazwa, yaani joto lake na shinikizo lake.

Tarehe 2 Januari 2017 matokeo yalitangazwa, na hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopaswa kusoma kwa makini kuliko mhandisi. Taarifa haikusema "chanzo ni hiki". Ilisema kwamba kushindwa kwa mtungi huo kuna uwezekano mkubwa kulitokana na oksijeni iliyojikusanya katika mapengo. Ilikiri kwamba zilikuwapo sababu kadhaa zinazoaminika, zote zikihusiana na mapengo hayo. Ilieleza hata jambo lililodhoofisha hoja yake, kwamba kubonyea peke yake hakukuonekana kuupasua mtungi. Kiswahili kina ngazi nzima ya maneno ya namna hii: huenda, yamkini, inaelekea, hapana budi, bila shaka. Wanafunzi wetu huyatumia kama mapambo ya insha. Mchunguzi huyatumia kama vipimo, na akipanda kutoka "huenda" hadi "bila shaka" bila ushahidi wa kumpandisha, amesema uongo hata kama kila neno lake lina ukweli ndani yake.

Na maneno hupiganiwa. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya moto huo, tarehe 28 Juni 2015, Falcon 9 nyingine ilisambaratika angani ikiwa safarini kuelekea kituo cha anga cha kimataifa. Hapo pia kisa kilianzia kwenye mtungi wa heliamu ndani ya tangi la oksijeni: kiungo kilichoushikilia kilikatika. SpaceX ilieleza kwamba kiungo hicho kilikatika kwa nguvu iliyo sehemu ya tano tu ya ile kilichothibitishiwa kuihimili. Msomaji wa sentensi hiyo humlaumu aliyekitengeneza. Wachunguzi huru wa NASA, ambao muhtasari wao ulitolewa mwaka wa 2018, waliandika jambo lingine: kwamba lilikuwa kosa la usanifu, kwa kuwa kampuni ilichagua kiungo cha daraja la kawaida la viwandani pasipo kukipima vya kutosha na pasipo kuzingatia kiasi cha tahadhari kilichopendekezwa na mtengenezaji mwenyewe. Kiungo ni kimoja na kimekatika mara moja. Lakini "kilikuwa na kasoro" na "kilichaguliwa vibaya" ni sentensi mbili zinazompeleka msomaji katika nyumba mbili tofauti, na katika ya pili mwenye nyumba ni yule aliyeandika ya kwanza.

Wakongwe wa fani hii watakumbuka mfano wa zamani zaidi, nao haukuwa wa injini bali wa tangi la oksijeni baridi ya kupumulia na kuzalishia umeme. Mwezi wa Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kikiwa kilomita zaidi ya laki tatu kutoka duniani, mwanaanga Jack Swigert alibonyeza swichi ya kukoroga oksijeni, kama alivyoombwa na wakuu wake walioko Houston. Tangi la pili likapasuka. Ukiuliza "nani", jibu unalo: Swigert. Tume iliyoongozwa na Edgar Cortright haikuishia hapo. Ilirudi nyuma, kutoka swichi hadi waya uliokuwa ndani ya tangi, ambao ngozi yake ya Teflon ilikuwa imeungua. Kutoka waya ilirudi hadi mwezi wa Machi, tangi lilipokataa kumwagika katika jaribio la ardhini, hita zake zikawashwa kwa takriban saa nane ili oksijeni itoke kwa kuchemka. Mlikuwa na vidhibiti vya kuzima hita joto likizidi, lakini vilitengenezwa kwa umeme wa volti 28, na mitambo ya ardhini ilitoa volti 65. Vikaungana kwa joto vikabaki vimefunga. Agizo la kuviimarisha lilikuwa limetolewa tangu mwaka wa 1965, na halikutekelezwa. Kipimajoto kilichoangaliwa na mafundi kiliishia digrii 27, kwa hiyo ndani ya tangi kulipokuwa jiko la mkate, sindano ilionyesha siku ya kawaida ya Nairobi. Tume ilirudia majaribio hayo na kuviona vidhibiti vikiungana. Swigert alikuwa mkono wa mwisho katika mnyororo ulioanza miaka mitano kabla yake.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu nina deni la zamani. Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule ambayo sitaitaja, chupa ya kuchemshia ilipasuka mikononi mwa mwenzetu katika maabara na maji ya moto yakamwagikia meza. Mwalimu aliingia akauliza neno moja tu: "Nani?" Mwenzetu alichapwa. Juma lililofuata chupa ya pili ilipasuka mikononi mwa mwingine, naye akachapwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini chupa zote mbili zilitoka katika sanduku moja, wala kwa nini tulikuwa tukizisuuza kwa maji baridi ya bomba zikiwa bado na joto la moto. Sanduku lile lilibaki palepale rafuni. Mimi nililiona, na sikusema, kwa kuwa katika darasa lile swali la "nini" halikuwa na mtu wa kulipokea.

Ni jambo dogo, na lingebaki dogo kama si kwamba tunalirudia katika mambo makubwa. Mabweni ya shule yamewaka mara nyingi katika nchi hii. Bombolulu, mwezi wa Machi 1998, wasichana 26 walikufa. Kyanguli, mwezi wa Machi 2001, wavulana 67. Endarasha, mwezi wa Septemba 2024, wavulana 21. Kila mara umma umeuliza, kwa haki kabisa, ni nani. Pengine yupo: huko Kyanguli moto uliwashwa kwa makusudi, na wanafunzi wakafikishwa mahakamani. Lakini mtu aliyewasha moto haelezi hesabu ya waliokufa. Mlango mmoja wa bweni lile ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Vyuma hivyo vilikuwapo pia Bombolulu, miaka mitatu kabla. Nani ni swali la mahakama, na mahakama lazima iliulize. Vyuma vya dirisha havina wakili wala havina aibu, na ndiyo sababu vinabaki.

Upande wa pili wa kosa letu ni kulitupia jambo kwenye majaliwa. "Ajali haina kinga," tunasema kwenye matanga, na kwa mfiwa neno hilo ni faraja ambayo sina haki ya kumnyang'anya. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliokadiriwa, hasa mwisho uliopangiwa uhai wa mtu. Basi kila tunapoliita basi lililopinduka "ajali", tumeshasema, kwa historia ya neno ingawa si kwa nia, kwamba siku ilikuwa imefika. Sipendekezi tulitupe neno hilo. Lugha haiendeshwi kwa amri za wahadhiri. Napendekeza tu kwamba lisitumike mahali pa ripoti. Anayeandika "chanzo cha moto ni ajali" hajaandika chochote.

Mtaala wa Kiswahili wa shule za upili umekuwa na uandishi wa ripoti kwa miaka mingi. Tumeufundisha kama umbo: kichwa, utangulizi, matokeo, mapendekezo, sahihi ya katibu. Mwanafunzi hupata alama kwa kuvipanga vizuri hata kama ndani yake hamna uchunguzi wowote. Mwalimu anayesoma safu hii anaweza kujaribu jambo lingine muhula huu bila kungoja waraka wa wizara. Achague tukio la kweli la shuleni lisilo na maafa: bomba lililopasuka, dawati lililovunjika, taa zilizozimika usiku wa mtihani. Awape wanafunzi sharti kwamba katika nakala ya kwanza wasitaje jina la mtu yeyote. Wataje vitu tu, na saa, na mpangilio wa kilichotangulia na kilichofuata. Kila "huenda" iwe na sababu yake mbele. Kila tawi walilolikata waseme wamelikata kwa ushahidi gani. Majina yaje katika nakala ya pili, ikiwa bado yanahitajika. Nimelifanya zoezi hili na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, na ugumu wao haukuwa msamiati. Wengi walishindwa kuandika aya nzima bila mtu wa kumlaumu. Walikaa wakitazama karatasi.

Kuhusu roketi, SpaceX ilibadilisha jinsi ya kujaza heliamu, ikarudia utaratibu wa awali usio na baridi kali kiasi kile, na tarehe 14 Januari 2017 ikarusha tena, safari hii kutoka California. Mitungi yenyewe ilisanifiwa upya baadaye. Tangu moto ule kampuni hiyo iliacha desturi ya kuzijaribu injini huku setilaiti ya mteja ikiwa kileleni. Spacecom ilipata setilaiti nyingine kwa ajili ya Afrika, Amos-17, na mwaka wa 2019 ikaipeleka kwa kampuni ile ile. Tarehe 31 Julai injini zilijaribiwa, kilele cha roketi kikiwa kitupu. Wahandisi waliposoma vipimo walitilia shaka valvu moja. Hapakuwa na moto wala mlipuko. Waliibadilisha valvu hiyo, wakarudia jaribio tarehe 3 Agosti, na tarehe 6 roketi ikaruka.